Hatua ya Saba Uliyobaki Nayo

Mshamu,

Salamu sikupi. Hali yako naijua, na yangu utaisikia humu humu. Nimekaa kwenye meza ya steshenari hapa Kilwa Masoko, pale pale ulipozoea kuniambia nachapa barua za watu kwa vidole viwili. Mvua inanyesha, mteja hakuna, na nina hasira na wewe tangu asubuhi. Sema tangu siku ya msiba wako, ila leo ndiyo nimepata nafasi ya kuitoa.

Haki yangu unaijua. Wewe mtoto wa shangazi, mimi mtoto wa mjomba, watani tangu tumboni. Siku tuliyokuzika nilitakiwa nivae kofia yako, nikalie kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, niige unavyoongea na simu huku umefumba jicho moja, mpaka watu wacheke na machozi yakiwatoka. Wanawake walinisukuma katikati. "Somoe, mtanie nduguyo, mbona umepoa?" Kofia nilikuwa nayo mkononi. Nikaigeuza, nikaitazama ndani, nikaona alama ya jasho lako, basi. Ulimi ukagoma. Mtani gani anakwenda msibani kulia kama mtu wa kawaida? Nilirudi mkekani nikajifunika kanga. Kwa hiyo hesabu barua hii ndiyo utani wako. Umechelewa, na umechacha.

Naanza na ujinga wako mkubwa. Miaka yote ile ulijifungia kwenye chumba cha uani pale Mtanda, unatengeneza ile programu yenu ya Kadi na watu wa nchi ambazo hukuwahi kukanyaga. Ulinieleza mara ngapi? Programu huria, Somoe, haina mwenyewe, mtu yeyote anaichukua bure, anaifungua, anaona ilivyoshonwa, akiona pametoboka anaziba na wengine wote wanapata kiraka chake. Zahanati zenye kompyuta kuukuu zisizo na mtandao zinaitumia kukumbusha akina mama tarehe za kliniki ya watoto. Tarehe ikikaribia, jina la mtoto linageuka jekundu. Hiyo rangi nyekundu uliiweka wewe. Ulijisifu nayo mwezi mzima, tukachoka.

Na wewe je? Daktari alikupa kadi ya presha, akakuandikia urudi kila mwezi. Nimeiona. Mama yako alinipa nipange karatasi zako, nikaikuta chini ya chaja mbovu. Tarehe ya kwanza imegongwa muhuri, zilizobaki nyeupe pe. Nilipokuuliza siku ile mbona macho mekundu, ukanijibu, "Kichwa tu, Somoe, jua kali." Kichwa tu! Mtu mwenye akili ya kukumbusha wilaya nzima tarehe za sindano, yake mwenyewe anaikalia. Mama yako ndiye aliyekukuta umeanguka mlango wa bafuni, saa nne asubuhi, ndoo ya maji bado imejaa. Sijakusamehe kwa hilo. Ungekuwa hapa ningekupiga na hii stepla.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Arobaini yako ilipopita, walezi wa mradi waliandika tangazo. Kadi imepata toleo jipya, miongozo ya lugha nyingine imeshasahihishwa, wa Kiswahili, ule ulioandika wewe, ni wa zamani, hauna mtu wa kuutunza, na wanaoujaribu wanasema haufanyi kazi. Usiposahihishwa hadi mwisho wa mwezi, utaondolewa, na wageni wote wanaojifunza Kadi watasoma ule wa Kiingereza. Mwishoni wakaweka kwamba wanasikitika sana. Watu hawa wanajua umekufa, Mshamu. Mimi mwenyewe niliwaandikia. Wakaweka picha ya ua mbele ya jina lako, wakaandika maneno mazuri, na baada ya wiki chache wanataka kukufuta kwa adabu. Nilisoma lile tangazo nikiwa namtolea mteja nakala za cheti cha kuzaliwa, nikamtolea kumi na mbili badala ya mbili.

Ule ni Mwongozo wa Mgeni! Ndio ulionifundisha mimi, niliyekuwa najua kompyuta ni ya kuchapia barua tu. Hatua kumi na mbili, na mwisho wake mgeni anaongeza jina la kijiji chake kwenye orodha ya vijiji, na kijiji hicho kinatokea kwenye Kadi. Mimi niliongeza Mchinga. Ilipotokea kwenye kioo nilipiga ukelele hadi mama yako akatoka jikoni na mwiko, akidhani nyoka. Nilikuwa na hakika hawa watu wanasema uongo. Mwongozo wako haufanyi kazi? Ulinifanyia kazi mimi!

Kisha chini ya tangazo nikaona kuna mtu ameandika kwa Kiswahili. Jina lake Restituta, mwalimu wa kujitolea wa hesabu, wa Nyangamara. Ameandika hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Samahani, naomba kuuliza. Mwalimu Mshamu nimemkosea nini? Nimekwama hatua ya saba. Nimempigia mara nne, mama yake anasema katoka kidogo, atanipigia. Ni wiki ya sita sasa."

Nilisoma tena. Katoka kidogo.

Nikaufungua mwongozo wako. Naapa nilikuwa sijausoma tangu nilipojifunza, nani anasoma mwongozo akishajua? Hatua ya saba, kwa mkono wako: "Sasa fungua faili la vijiji. Kama huna, nipigie, nipo nyumbani." Na namba yako ya simu.

Basi nikaelewa kwa nini ulinifanyia kazi. Faili la vijiji hujawahi kuliweka popote. Lilikuwa kwenye flashi yako. Kila mgeni alikupigia, ukamwambia aje Mtanda, akaja, ukamlisha wali na samaki wa kupaka wa mama yako, ukamchomekea flashi kwa mkono wako, ukamsimamia hadi mwisho. Asiye na nauli ulimfuata kwao na flashi mfukoni. Mimi hatua ya saba sikuisoma kabisa, maana ulikuwa umesimama nyuma yangu unatafuna korosho. Uliniambia mwenyewe, "Mgeni humpi karatasi ukamwacha mlangoni, unamshika mkono." Nilidhani ni ukarimu. Ni ukarimu, sikatai. Lakini ulipenda pia kupigiwa simu. Ulipenda waje kwako. Ungeliandika kwa mistari mitatu wangepita bila kukuona, na hilo hukulitaka. Huo ni ubinafsi, Mshamu, hata kama una wali ndani yake.

Siku iliyofuata nilifunga duka nikapanda gari hadi Lindi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama yako. Unawezaje kumdanganya mtoto wa watu wiki sita? Nilifika Mtanda nimeiva.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Simu yako ipo juu ya kabati la vyombo, imechomekwa chaji, inang'aa. Anaifuta vumbi kila siku. Kabla sijafungua mdomo akanipa daftari. Lile la mistari ulilonunua ukaacha kulitumia. Ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, kila aliyepiga: jina, anakotoka, na shida yake. Yusufu, Kivinje. Mwajuma, Rutamba. Restituta, Nyangamara, mara nne, na kando yake ameandika "ana adabu sana". Na kwenye shida, kila mstari, ukurasa wa kwanza hadi wa tatu, neno moja. Saba. Saba. Saba.

"Hivi hiyo saba ina nini, Somoe? Wote wanakwama hapo hapo."

Mtu ambaye hajui hata kuwasha kompyuta aliligundua kosa lako, kwa kupokea simu tu. Wewe mtaalamu miaka yote hukuliona. Hasira yangu yote kwake iliniishia pale pale, nikabaki na yako tu.

Nilimuuliza kwa nini hawaambii. Akakunja daftari. Akasema, "Wakiniuliza Mshamu yupo, ulimi unasema katoka. Siutumi mimi. Nitasemaje kwa mtoto ambaye simjui, kwenye simu?" Halafu akaongeza, taratibu, kwamba simu ikilia anasikia bado unatafutwa.

Ilibidi nimweleze habari ya faili. Nikamwambia kompyuta yako haifunguki, neno la siri umekwenda nalo, na nimejaribu kila kitu, tarehe yako ya kuzaliwa, jina la timu yako, hata jina la yule mchumba uliyemkimbia. Faili liko kwenye flashi, na flashi sijui iliko. Mama yako akaweka daftari kando. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa funguo zako. Katikati ya ufunguo wa chumba na wa kufuli la baiskeli, ipo pale. Anaifunga kwenye kanga tangu siku uliyoanguka, usiku na mchana, akidhani ni ufunguo wa ofisi ya watu na ipo siku watakuja kuudai.

Nilichomeka kwenye kompyuta yangu pale mezani kwake. Faili lipo. Vijiji vyote, na kando ya kila kijiji jina la mtu aliyekiongeza. Mchinga, Somoe. Na mstari wa kwanza kabisa, juu ya wote: Mtanda, Mama. Nikamuuliza. Akacheka, mara ya kwanza tangu ufe. "Alinishika kidole hiki, akasema bonyeza hapa, na hapa. Nikamwambia niache, mboga inaungua."

Kwa hiyo mgeni wako wa kwanza alikuwa mama yako, na hata yeye hukumwachia aendelee peke yake.

Nilipomwambia nitaifuta namba yako kwenye mwongozo, alibadilika. "Ukiifuta, nani atanipigia?" Uliniachia swali hilo mimi, wewe umelala. Nilimwambia kuna watu wamekwama, shangazi, wanakusubiri wewe umwite mtu asiyeitika. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akainuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Niliondoka bila kula. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka nyumba ile na njaa.

Nikarudi Kilwa nikaanza kazi. Niliifuta kompyuta moja ya steshenari ikabaki tupu, nikajifanya mgeni. Hatua kwa hatua tangu ya kwanza, nikijikataza kufanya chochote ambacho hukukiandika. Loo! Umeruka mambo, binamu. Hatua ya pili unasema "iwashe Kadi", hujasema mtu ataipata wapi. Hatua ya nne kitufe unachokitaja kilishabadilishwa jina. Hatua ya tisa unaandika "hapa utajua la kufanya". Atajua vipi? Nilikutukana peke yangu dukani hadi mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akaniuliza kama niko salama.

Lakini kila nilipokutukana nilikusikia. Umejaa mle. "Ukikosea usiogope, haiungui." "Herufi kubwa hapa, usinibishie." Na hatua ya tano: "Sasa nenda kanywe chai, hii inachelewa." Katika toleo la zamani ilichelewa kweli, nakumbuka tulikuwa tunakunywa na vitumbua. Toleo jipya ni kufumba na kufumbua. Mgeni akienda kunywa chai ataikuta imekwisha zamani. Maneno yako si kweli tena. Nilikaa na ule mstari siku mbili nzima. Nilitafuta namna ya kuubakisha, nikajidanganya kwamba chai haimdhuru mtu. Kisha nikaufuta, maana mwongozo ukisema uongo mahali pamoja mgeni haamini pengine. Nilifuta chai yako, Mshamu. Nililia kwa ajili ya chai, mimi niliyeshindwa kulia vizuri kwa ajili ya jeneza.

Hatua ya saba nimeiandika upya. Faili la vijiji nimeliweka ndani ya Kadi yenyewe, mtu akiishusha kutoka mtandaoni linashuka nayo. Mistari mitatu, nimehesabu, kama nilivyosema. Namba yako nimeitoa. Na juu kabisa, chini ya jina lako, niliandika kwamba mwandishi wa mwongozo huu ni marehemu, ili mtu mwingine asikae wiki sita akijiuliza amekukosea nini. Neno hilo moja liliniletea shida kuliko hatua zote. Niliandika, nikafuta, nikaandika "hayupo", nikafuta, maana "hayupo" ni kule kule kwa katoka. Nikaandika marehemu nikabonyeza kutuma kabla mkono haujabadili nia.

Walezi wakaupokea siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Wakaniuliza kama nitakuwa mtunzaji wake. Nikajibu ndiyo, kwa neno moja, bila asante. Nilimwandikia Restituta pia: mwongozo mpya huu hapa, anza hatua ya kwanza, kuhusu mwalimu soma juu.

Mama yako hakunisemesha wiki mbili. Simu ilianza kunyamaza. Nilikuwa naogopa kwenda.

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Tulikula, tukawa tunachambua mchele, simu yako ikalia juu ya kabati. Nilimwona alivyoruka. Anaweka sauti ya juu siku hizi kwa sababu ya masikio, kwa hiyo nilisikia yote. Ni Restituta. Alisalimia, kisha akawa anahema kama aliyekimbia. Akasema, "Mama, nimemaliza. Peke yangu. Nyangamara ipo kwenye orodha, naiona hapa." Halafu akasema polepole kwamba amesoma maneno ya juu, lakini hakuamini, na anaomba mama amwambie mwenyewe.

Mimi niliinamia ungo. Nilijua atasema katoka. Nilikuwa nimeshajiandaa kumnyang'anya simu.

"Mshamu alifariki, mwanangu," mama yako akasema. "Mwezi wa pili. Nilikudanganya. Unisamehe."

Mara ya kwanza, Mshamu. Hakuwahi kulitamka, si kwa jirani, si kwa shehe aliyekuja kusoma. Kule Nyangamara mtoto wa watu akaanza kulia, na mama yako akawa anambembeleza yeye, "Nyamaza, nyamaza mama," kanga imemlowa. Walikaa hivyo mpaka salio la binti likakaribia kwisha. Mwisho Restituta akajifuta, akauliza kama anaweza kupiga tena siku akikwama.

"Piga tu, unisalimie," mama yako akamjibu. "Lakini ukikwama usiniulize mimi. Soma. Imeandikwa."

Kisha akakata, akaniangalia, akasema, "Na wewe Somoe, ile kofia iko chumbani." Nikaenda nikaileta. Nikaivaa. Nikakalia kiti chako chenye waya, nikafumba jicho moja, nikaweka simu sikioni nikapaza sauti: "Kama huna, nipigie, nipo nyumbani!" Mama yako alicheka hadi ungo ukamwagika, na tulipomaliza kucheka tulikuwa tunalia wote wawili chini, tunaokota mchele punje moja moja.

Bado nimekasirika, usije ukadhani yamekwisha. Nakuaga nikiwa nimenuna. Pumzika, binamu, Mungu akusamehe, mimi sijafikia huko. Ahadi yangu ni hii. Kila mwezi nitaenda kupimwa presha, na kadi yangu nitaitundika ukutani mama yako aione. Kila mwezi pia nitaifuta ile kompyuta, niupitie mwongozo wako kama mgeni toka hatua ya kwanza, na kilichobadilika nitakiandika chote.

Namba yangu sitaiweka.

Mtani wako,
Somoe